UNATAKA KUFUGA NYUKI NYUMBANI HAPA UNGUJA? SOMA HAYA KABLA HUJANUNUA MZINGA



Siku hizi suala hili linaniandama. Mmoja ananiuliza, "Kaka, uwa wetu Mwanakwerekwe ni mkubwa, naweza kuweka mizinga miwili?" Mwengine yuko Mji Mkongwe, kaona video ya watu wanafuga nyuki juu ya paa huko Ulaya, na yeye anataka. Wa tatu keshanunua mzinga, sasa ndo anauliza ruhusa inatoka wapi. Asali inauzika, kwa hivyo watu wanaona bora waizalishe wenyewe.

Niseme mapema, mie si mwanasheria. Nimeishia kidato cha nne, nikafungua duka, na asali ni moja ya bidhaa zangu. Nainunua kwa wafugaji wa shamba na ninaiuza mjini. Haya niliyoyaandika nimeyapata kwa kusoma, kuuliza maofisini na kukaa na wafugaji wenyewe.

Jibu fupi nakupa hapa hapa: kama nyumba yako imebanana na za wenzako, nyuki wanaouma usiwaweke. Mizinga ipeleke shamba, wewe baki mjini uuze. Kama nyumba yako iko pembeni na una nafasi ya kweli, inawezekana, lakini ruhusa inakuja kwanza na mzinga unafuata. Sasa twende kwenye sababu na utaratibu.

1. SHERIA YA BARA SI YA KWETU

Watu wengi wanatafuta mtandaoni, wanakutana na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, wanaidaka na kusema "mie nshajua". Pole. Sheria ile ni ya Tanzania Bara. Misitu, kilimo na nyuki si mambo ya Muungano, kila upande una taratibu zake. Ukenda kwa sheha wako hapa Unguja na karatasi ya Dodoma, umepoteza muda.

Kwetu mambo yamegawanyika. Mzinga ukiwa msituni, unaingia kwenye Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Na. 10 ya 1996. Mzinga ukiwa nyumbani katikati ya watu, unaingia kwenye mambo ya serikali za mitaa, yaani Sheria Na. 7 ya 2014, ambayo imeyapa mabaraza uwezo wa kutunga sheria ndogo. Asali ikishaingia kwenye chupa ya kuuzwa, inakuwa chakula na ina wakubwa wake wengine. Kwa hivyo ukiuliza "ruhusa ya nyuki inatoka wapi?" jibu ni kwamba inategemea nyuki wako wapi na asali inakwenda wapi.

2. MILANGO YA KUGONGA, KWA MPANGILIO

Jirani. Ndiyo, jirani ndiye wa kwanza, kabla ya ofisi yoyote. Nenda kwa wa kulia, wa kushoto, wa nyuma na wa mbele. Waulize kama nyumbani kwao kuna mtu anayevimba sana akiumwa na mdudu, kama wana mbuzi, kuku au ng'ombe wa kufungwa, na watoto wanapita wapi wakienda chuoni na skuli. Jirani mmoja akikwambia mwanawe ana matatizo ya namna hiyo, basi habari imekwisha hapo, usibishane.

Sheha. Mueleze mpango wako: mizinga mingapi, itakaa wapi, nani ataihudumia. Sheha ndiye malalamiko ya mtaa yanafika kwake mwanzo. Mtu akenda kushtaki na sheha anakujua na anajua ulichokifanya, mazungumzo yanakuwa mengine. Kama majirani wamekubali, andikeni karatasi, watie saini mbele yake. Haikufanyi usishtakiwe, ila inaonesha ulikuwa muwazi toka mwanzo.

Baraza lako. Mjini ni Baraza la Manispaa la Mjini, Magharibi A na Magharibi B wana mabaraza yao, na wilaya za shamba nazo vilevile. Uliza sheria ndogo zinazohusu mifugo na kero katika maeneo ya makaazi, tena omba uoneshwe iliyopo sasa hivi. Usikubali kuambiwa kwa mdomo na mtu uliyemkuta mapokezi.

Idara ya Misitu, pale Maruhubi. Hawa ndio wenye wataalamu wa nyuki. Hata kama mzinga hautakaa msituni, nenda. Waombe mtu aje akague pahala. Ushauri wa mtu aliyeona uwa wako kwa macho ni tofauti na ushauri wa video.

Mwenye nyumba. Kama umepanga, usisahau. Kodi unayolipa ni ya kukaa wewe, si ya kundi la nyuki elfu kadhaa.

3. KWA NINI ULAYA WANAWEZA, SISI TUNABANWA?

Ni kweli New York ilikuwa imekataza kufuga nyuki mjini mpaka Machi 2010, ndo ikaruhusu. Lakini ukiangalia vizuri, waliruhusu kwa masharti: mfugaji anajiandikisha kwa idara ya afya ya mji, anaweka maji, anahakikisha nyuki hawawi kero kwa watu. Na kuna jambo kubwa zaidi: nyuki wao si kama wetu.

Wale wanafuga nyuki wa asili ya Ulaya, waliochaguliwa miaka mingi kwa upole. Wetu ni nyuki wa Afrika wa ukanda wa pwani. Ni wachapa kazi wazuri, ila wanalinda nyumba yao kwa nguvu. Ukiwagusa vibaya wanatoka wengi kwa pamoja na wanamfukuza mtu masafa marefu. Tena nyuki akiuma, anaacha harufu inayowaita wenzake waje kuuma pale pale. Harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu, ndo maana wafugaji hawali ndizi wakikaribia mizinga.

Sasa fikiria hilo linatokea kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja abane ukutani. Watu wakimbilie wapi?

4. MJI MKONGWE NI KESI YA PEKE YAKE

Wenzangu wa Shangani, Malindi, Hurumzi na kwengineko, nawapenda, lakini hapa nitasema wazi: msiweke.

Kwanza, Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO toka mwaka 2000, na una Mamlaka yake ya Uhifadhi na Uendelezaji. Kujenga jukwaa juu ya paa, kutoboa ukuta au kuongeza kibanda ni mambo ya kuombewa kibali pale. Usidhani kwa kuwa ni mzinga tu hakuna atakayeuliza.

Pili, majengo yenyewe ni ya zamani, mawe na chokaa, na dari za boriti. Mzinga wa fremu uliojaa asali unaweza kupita kilo 40. Weka mitano, jumlisha na jukwaa na watu wawili wanaorina, umeshapata mzigo wa maana. Sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Majengo yetu hayataki kujaribiwa.

Tatu, juu ya paa la jirani kuna mkahawa. Watalii wanakunywa juisi ya miwa na soda, na nyuki wanapenda sukari kuliko wewe. Mgeni mmoja akiumwa koo likavimba, hasara haitaishia kwako, itafika kwa muajiri wa vijana kumi na tano walio pale.

5. "NI NYUMBANI KWANGU, NITAFANYA NITAKAVYO"

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ardhi kuwa mikononi mwako hakukupi ruhusa ya kumsumbua jirani.

Nikupe mfano wa zamani wa mbali, maana unaeleweka vizuri. Ayalandi mwaka 1903 ilikuwepo kesi ya O'Gorman dhidi ya O'Gorman. Mmoja aliweka mizinga kama 20 karibu na mpaka wa jirani yake. Siku ya kurina asali wakafukiza moshi, nyuki wakahamaki wakamvamia farasi wa jirani wakati anatiwa lijamu, na jirani akaumia. Mahakama ikasema kufuga nyuki peke yake si kosa. Kosa ni kufuga wengi kupita kiasi, pahala pasipofaa, na kuwachokoza wakati watu wako karibu.

Shika mambo hayo matatu: IDADI, PAHALA na WAKATI. Yanafaa Ayalandi na yanafaa Fuoni. Sheha akikaa kukusikilizeni, hata kama hajawahi kuisikia kesi hiyo, masuala atakayouliza ni hayo hayo.

Na yanatokea hapa kwetu. Namjua bwana mmoja pembeni ya mji aliyeweka mizinga mitatu nyuma ya nyumba, mita chache tu kutoka ukuta wa jirani. Miezi ya mwanzo hakuna lililotokea, akawa anawacheka waliomuonya. Siku moja akafungua mzinga saa kumi za jioni, wakati watoto wanarudi chuoni. Watoto walikimbia, wakaumwa lakini wakapona. Mbuzi wa jirani alikuwa kafungwa kamba chini ya muembe. Mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia. Alikufa kabla ya Magharibi. Bibi mmoja mtu mzima akalazwa siku mbili. Yule bwana akalipa mbuzi, akalipa matibabu, na mizinga akaiuza usiku huo huo kwa bei ya kutupa. Asali aliyoipata haikufika robo ya alichokilipa. Na mpaka leo yeye na jirani yake wanasalimiana kwa shida.

Ukipiga hesabu ya biashara hii, basi weka na gharama hiyo. Watu wanahesabu mzinga, ovaroli na chupa. Hawamuhesabu mbuzi wa jirani.

6. KAMA NYUMBA YAKO IKO PEMBENI NA UNA NAFASI

Una uwanja mkubwa, majirani wako mbali, umeshagonga milango yote na umekubaliwa. Fuata haya:

* Masafa. Mie ninaowaamini wanaacha si chini ya mita 200 kutoka nyumba, njia ya watu, skuli, msikiti na banda la mifugo. Kama huzipati hizo mita 200, hilo ni jibu tayari.

* Anza na mzinga mmoja, mwisho miwili. Utajifunza tabia zao kabla hawajawa wengi.

* Mlango wa mzinga uelekee pasipo na watu. Mbele yake weka ua wa miti au uzio wa kama mita mbili kwenda juu. Nyuki akitoka analazimika kupanda juu, anapita juu ya vichwa vya watu badala ya usoni.

* Maji yawepo kabla nyuki hawajafika. Weka beseni lenye mawe au vijiti vya kutua wasizame, na lisikauke hata siku moja. Nyuki akizoea kunywa kwenye mfereji au tangi la jirani, kumbadilisha ni kazi. Malalamiko mengi yanaanzia kwenye maji, si kwenye kuumwa.

* Taa. Taa kali ya nje inayomulika mzinga usiku inawavuta nyuki. Ielekeze kwengine au izime.

* Siafu na sisimizi. Mzinga uninginizwe kwa waya au ukae juu ya miguu iliyopakwa grisi. Kundi linaloshambuliwa na siafu linakuwa na hasira au linahama.

* Kufungua na kurina ni baada ya jua kuzama, watu wakiwa ndani, na majirani wameambiwa tangu mchana. Vaa nguo kamili, bomba la moshi liwe linafuka vizuri. Usiende peke yako.

* Mifugo isifungwe kamba karibu. Nimeshakwambia ya mbuzi.

* Nyuki usiwaletee kutoka Bara. Kuna kupe mdogo wa nyuki anaitwa Varroa, ameshaonekana Kenya na Bara tangu 2009. Kuingiza wanyama na wadudu kisiwani kuna taratibu zake. Weka mzinga mtupu uliopakwa nta ndani, subiri kundi la hapa hapa liingie. Likikawia, muone mtaalamu wa Maruhubi.

* Mtu akiumwa: mtoe pale haraka, ondoa mwiba mara moja kwa kuukwangua, usikae unatafuta kibano maana sumu inaendelea kuingia. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi zikibana, mtu akizimia au akiumwa na nyuki wengi sana, ni hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi.

7. NJIA NINAYOIPENDEKEZA: MIZINGA SHAMBA, DUKA MJINI

Unguja si kubwa. Ukitoka Darajani asubuhi, saa moja na nusu kwa gari uko Chwaka au Makunduchi. Huna sababu ya kung'ang'ania nyuki chumbani kwako.

Mikoko ya Ghuba ya Chwaka na Uzi, minazi, miembe, miti ya matunda ya upande wa Kizimbani na Kidichi, kote huko nyuki wanapata chakula. Mnazi ni rafiki mkubwa maana unatoa maua karibu mwaka mzima. Karafuu usiitegemee sana, kwa sababu vikonyo vinachumwa kabla ua halijafunguka. Mtu akikuuzia "asali ya karafuu" tupu, muulize masuala mawili matatu.

Lakini na shamba kuna sheria zake.

Kama ni eka ya mtu, yaani zile eka tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, zungumza na mwenye eka au warithi wake wote, si yule mmoja tu uliyemkuta. Na hapa kwetu mnajua: ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Ukitundika mzinga kwenye muembe, hakikisha na mwenye muembe kakubali. Andikeni: mizinga mingapi, muda gani, malipo ni pesa au sehemu ya asali.

Kama ni msitu wa hifadhi, usiingie kimya kimya. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa toka 2004. Vijiji vinavyozunguka vina kamati zao za uhifadhi za shehia na makubaliano na Idara ya Misitu ya namna ya kutumia msitu. Pita kwa kamati, kisha Idara. Na moto wa kurinia asali ndio unaoogopwa zaidi, kwa sababu cheche moja wakati wa kiangazi inaunguza msitu mzima. Tumia bomba la moshi, mwenge wa makuti acha.

Kama huna muda wa kuhudumia, nunua kwa wafugaji. Vijiji vingi vina vikundi, wengi wao akina mama. Kubalianeni bei kabla ya msimu, wape ndoo safi zenye mifuniko, uwalipe kwa wakati. Wewe unapata asali, wao wanapata soko, na hakuna mbuzi wa jirani anayekufa.

8. ASALI IKISHAKUWA BIDHAA

Ukiwapa nduguzo chupa mbili ni zawadi. Ukibandika jina na kuweka dukani, umeingia kwenye chakula. Hapo kuna:

* Usajili wa jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA).
* Leseni ya biashara kupitia baraza lako.
* Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), kwa ajili ya sehemu unayosindikia na bidhaa yenyewe.
* Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), kwa ubora na alama ya kiwango.
* Mamlaka ya Mapato (ZRA), hii haihitaji maelezo.

Usiogope orodha. Anza na leseni na ZFDA, uliza hatua inayofuata, weka risiti zote kwenye faili moja.

Kuhusu ubora, kiwango cha kimataifa kinataka maji ndani ya asali yasizidi asilimia 20. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, hasa Masika, na asali inavuta unyevu. Ukiacha ndoo wazi usiku mmoja umeiharibu. Rina masega yaliyofunikwa na nta tu, chuja siku kavu, funika papo hapo. Ukiona povu na harufu ya uchachu, imeshaanza kuchacha.

Kwenye lebo andika jina, uzito, ilipotoka, tarehe ya kurinwa na namba yako ya simu. Andika pia isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto mchanga. Na tafadhali usiandike "inatibu kisukari" au "inatibu vidonda vya tumbo". Ukishadai inatibu, umeigeuza dawa, na sheria ya dawa ni ngumu kuliko ya chakula.

9. HESABU YA KILO NA LITA

Hii peke yake inawafilisi watu. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28.

Chukua bei za mfano. Umenunua ndoo kwa KILO, shilingi 10,000 kila kilo: 28 x 10,000 = 280,000. Ukafika mjini ukauza kwa LITA, shilingi 13,000 kila lita: 20 x 13,000 = 260,000. Unaona umeongeza elfu tatu kwenye bei, kumbe kila ndoo unapoteza 20,000, hapo bado nauli na chupa. Chagua kipimo kimoja, nunua na uza kwa hicho hicho. Chupa ya nusu lita ina kama gramu 700, ziandike kwenye lebo.

10. NA KAMA NYUKI WAMEKUJA WENYEWE?

Hili linawahusu hata wasiofuga. Kundi likitua kwenye mti au dirisha, mara nyingi linapumzika tu na baada ya siku moja mbili linaondoka. Ondoa watoto na wanyama, usipige mawe, usimwagie maji wala dawa. Likiingia kwenye tundu la ukuta na kuanza kujenga, muite mfugaji au Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, na mjulishe sheha. Usiwashe moto. Ndani ya kuta za nyumba zetu za zamani kuna boriti kavu, utachoma nyumba kwa ajili ya kilo tatu za asali. Na kama ni Mji Mkongwe, kabla ya kubomoa ukuta ili kuwatoa, Mamlaka ijue.

MASUALA YANAYORUDI RUDI

"Nyuki wadogo wasiouma je?" Hao ni habari nyengine, na kwa mtu wa mjini ndio wa kufikiria. Tanzania tunao, wanakaa kwenye kisanduku kidogo na hawana mwiba wa kumdhuru mtu. Asali yao ni kidogo na bei yake huwa juu. Ila ina maji mengi kuliko asali ya kawaida, inachacha upesi, kwa hivyo usiichanganye na usiiuze kwa lebo moja. Jirani na sheha waambie vilevile, maana mtu akiona wadudu wanaingia kwenye sanduku lako hatajua kama wanauma au hawaumi.

"Jirani kakubali, halafu kabadilika, nifanyeje?" Hamisha. Mzinga unahamishika usiku mmoja: mlango unazibwa kwa wavu wa kupitisha hewa baada ya wote kuingia, unapakiwa, alfajiri uko shamba. Upeleke mbali, kilomita tatu na zaidi, la sivyo nyuki wanarudi pahala pao pa zamani kukutafuta.

"Baraza likiniambia hapana?" Basi ni hapana kwa nyumba hiyo tu. Biashara ya asali haijakatazwa. Rudi kwenye namba 7.

Kama una mtu anayepanga kununua mzinga wiki hii, mtumie haya kabla hajalipa. Aende kwa jirani kwanza. Pesa ya mzinga haitaharibika ikikaa mfukoni siku tatu zaidi.

Biashara njema.